Niliona Aibu Kumuuliza

Mimi ni katibu mahsusi katika idara ya magonjwa ya wanawake. Siku hizi serikali inatuita waandishi waendesha ofisi, lakini kwenye korido bado naitwa sekretari, na wagonjwa wengi wananiita nesi. Wengine huniita dokta, maana kwao kila anayekaa upande wa ndani wa meza ni dokta. Kosa ninalotaka kuliungama ni hili: majibu ya kinyama cha mama mmoja niliyaweka kwenye faili la mama mwingine mwenye majina kama yake. Mwenye ugonjwa nikamwambia majibu yake hayajarudi. Asiye na ugonjwa nikamwita ajiandae kwa rufaa. Mambo yalipofichuka nikasema uongo, na uongo wangu ukamwangukia kijana ambaye hakuwa amekosea chochote.

Hospitali sitaitaja. Kosa lilikuwa la mkono wangu na ulimi wangu, si la jengo. Mama hao wawili nimewaomba ruhusa, wakaniruhusu nisimulie, na mengi yanayoweza kuwatambulisha nimeyaacha. Nitakachotaja ni kwamba wote wawili walitoka Katumba Songwe, wilayani Kyela, kwa sababu pasipo kupataja huko kosa langu halielezeki. Na mimi mwenyewe ni mtu wa huko.

Anayepajua Kyela anajua kwamba ni bonde la tambarare lililolala kati ya milima ya Rungwe na Ziwa Nyasa. Tunalima mpunga, kakao, migomba na michikichi, na mvua yetu haina adabu. Katumba Songwe iko upande wa Mto Songwe, ambao ndio mpaka wetu na Malawi. Masika mto hufurika, huingia mashambani, na mara nyingine huhama njia yake, ukamwacha mtu na shamba ng'ambo. Ng'ambo hiyo wako Wangonde wa Karonga, ndugu zetu, ambao tunaongea nao bila mkalimani. Wanavuka kuja kuuza, kuoa na kuzika, na wakiugua wanavuka kuja kutibiwa.

Jambo moja la Kyela ambalo mgeni halioni upesi ni kwamba majina ni machache kuliko watu. Koo ni zile zile: Mwakyusa, Mwakalinga, Mwaipopo, Mwakatobe. Majina ya kwanza ama ni ya kanisani, Anna, Neema, Rehema, ama ni ya Kinyakyusa, Tumpe, Atupele, Tusajigwe. Mtoto hurithishwa jina la bibi yake, na bibi mmoja ana wajukuu wengi. Simama mlangoni pa kliniki yoyote ya Kyela siku ya foleni uite Anna Mwakyusa, uone wanavyoinuka zaidi ya mmoja. Mimi nimekua katikati ya majina hayo. Nilipaswa kuwa wa kwanza kuyaogopa, lakini niliyazoea, na aliyezoea haogopi.

Kazi yangu, kwa asiyeijua, ni hii. Naandaa ratiba ya kliniki ya daktari bingwa. Nachapa barua za rufaa na orodha ya wanaosubiri upasuaji. Napokea majibu yanayotoka maabara ya mbali, nayaingiza kwenye rejesta, naomba faili masijala, nayapiga pini ndani ya faili, kisha namwita mgonjwa. Mgonjwa anamwona daktari kwa dakika chache, lakini ili afike kwa daktari, na ili karatasi yake ifike kabla yake, lazima apite mikononi mwangu. Chuoni Tabora tulipimwa hatimkato, maneno 80 kwa dakika, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Tulipimwa kasi ya kuchapa, tulipimwa namna ya kupanga majalada. Hapakuwa na mtihani uliotuuliza: jina hili ni la nani?

Sasa kuhusu kinyama. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake wa Tanzania, na uchunguzi wake wa mwanzo hauhitaji mashine kubwa. Muuguzi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi na kusubiri kidogo. Penye mabadiliko pakigeuka peupe, daktari anaitwa. Akitia shaka anakata kinyama kidogo, kinatiwa kwenye kichupa chenye dawa ya kukihifadhi, kichupa kinabandikwa lebo, kinapandishwa Mbeya, zaidi ya kilomita mia moja kwa barabara ya Tukuyu. Majibu huchukua wiki kadhaa. Wiki hizo mgonjwa hana la kufanya isipokuwa kusubiri, na mtu pekee anayeweza kumwambia yamefika au hayajafika ni sekretari wa idara.

Majibu yenyewe yalikuja masika, katika bahasha ya kaki pamoja na ya wagonjwa wengine. Nayakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. Karatasi moja, imekunjwa mara tatu, mhuri wa zambarau chini kulia umepanda kidogo juu ya saini. Juu kushoto jina, majina matatu kamili. Chini yake umri, jinsi, namba ya faili, na anwani: Katumba Songwe. Katikati, maneno ya Kiingereza ambayo ukishachapa rufaa za idara hii kwa muda huhitaji mtu wa kukutafsiria. Niliposoma jina, sura ilinijia palepale. Huyu ni fulani, nikasema moyoni, rafiki wa mama yangu, wanaimba kwaya moja kanisani. Huwa anakuja kliniki yetu kwa ajili ya uvimbe. Moyo ulinishuka. Nikaomba faili lake masijala, likaletwa.

Faili lilisema ana umri wa miaka 49. Majibu yalisema 58. Sitasema sikuona. Niliona, nikajijibu kwamba umri wa mama zetu ni wa kukadiria. Leo atasema hivi, kesho vile. Namba ya faili nayo haikulingana mwishoni. Hilo pia niliona, nikajijibu kwamba maabara wamenakili vibaya, si mara ya kwanza. Kila penye tofauti nilikuwa na maelezo, na maelezo yote yalitoka kwenye kitu kimoja: nilimfahamu. Nikayapiga pini. Kwenye rejesta nikaandika jina, nikaandika namba ya faili nililokuwa nalo mkononi, si ile iliyoandikwa kwenye majibu, nikatia tarehe na saini.

Kisha nikapiga simu. Namba iliyokuwa kwenye faili ilikuwa ya mume. Nilimwamkia, nikamweleza kwa sauti ya huruma kwamba majibu ya mama yametoka, daktari bingwa atamwona siku ya kliniki, na kwamba wajiandae, kwa sababu inaonekana kutakuwa na rufaa ya Mbeya, na baada ya Mbeya pengine Ocean Road. Hapo nilikosa mara mbili kwa mkupuo. Majibu ya mgonjwa si ya mume wala ya simu. Ni ya mgonjwa, na mwenye kuyatoa ni daktari. Tena ukimtajia Mtanzania Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, umeshamwambia saratani, hata kama neno hilo hukulitamka. Nilidhani nawasaidia wapate muda wa kutafuta nauli.

Waliutumia muda huo. Yule mzee alikuwa na kakao. Kwa kawaida kakao ya Kyela huvundikwa, huanikwa siku kadhaa mpaka ikauke, ndipo ikapelekwa kwenye chama cha ushirika na kuuzwa kwa mnada. Mwenye shida leo hawezi kusubiri mnada. Aliiuza mbichi kwa mlanguzi, kwa bei ya mlanguzi, na juu yake akakopa. Majirani walianza kumletea mkewe unga na kuni, kama watu wanavyofanya kwenye nyumba iliyokwisha kuingiwa na msiba. Mama alikuwa mzima.

Siku chache baada ya simu ile alikuja mama mwingine. Huyu sikumfahamu. Viatu alivishika mkononi, kanga imelowa hadi magotini. Alitoka kwao kwa baiskeli hadi palipopitika, halafu bodaboda. Alinipa kadi yake bila maneno mengi. Nikasoma namba, nikaomba faili kwa namba, likaja. Nikafungua: hakuna majibu. Nikamwambia, "Hayajarudi, mama. Jaribu tena kliniki ijayo." Akaitika, "Haya, mwanangu," akaondoka. Jina lake lilikuwa kwenye jalada la faili, kwa kalamu nene, na sikulisoma. Rejesta ilikuwa upande wangu wa kushoto, jina lake likiwa ndani na saini yangu mbele yake, nami sikuifungua.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Yule niliyemfahamu nilitazama sura nikaipuuza namba. Yule nisiyemfahamu nilitazama namba nisitazame jina. Kama ningefanya kwa kila mmoja kile nilichokifanya kwa mwenzake, kosa lingejirekebisha mezani pangu kabla halijatoka nje ya mlango.

Tena nilipewa nafasi nyingine. Siku ya kliniki, yule rafiki wa mama yangu alifika mapema na mumewe, wamevaa nguo za safari. Nikainuka, nikasema, "Shikamoo mama." Akasema, "Marahaba, mwanangu, ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa. Sauti ilikuwa imemwisha. Hapo nilitakiwa kumuuliza maswali matatu tu. Majina yako kamili ni yapi? Umezaliwa lini? Ulikatwa kinyama, na lini? Sikumuuliza hata moja. Kumuuliza jina mtu aliyekubeba mgongoni, kwetu, ni kumwambia humjui. Kumuuliza umri ni kumkosea. Na kumuuliza mama wa rika la mama yako, mbele ya mumewe, kama alikatwa kinyama sehemu ile, lilikuwa jambo ambalo mdomo wangu haukuweza kulitamka. Niliona aibu, nikaiita aibu hiyo heshima, nikambebea faili mpaka mlangoni kwa daktari.

Aliyeuliza ni daktari. Alimuuliza kama kidonda cha pale alipokatwa kimepona vizuri. Mama akashangaa: kidonda gani? Yeye alipigwa picha ya tumbo tu. Daktari akatazama karatasi, akatazama faili, akatazama namba, akaniita.

"Nani aliyaweka majibu haya humu?"

Nilisema, "Yalikuja hivyo kutoka maabara, dokta. Yalikuwa yameambatishwa na jina hili."

Uongo ule haukunichukua hata sekunde. Sikuupanga. Ulikuwa umekaa karibu, na ulifanana sana na kile nilichokuwa nimejiambia siku ya kupiga pini, kwamba maabara wamenakili vibaya. Mtu akishajidanganya mwenyewe, kumdanganya mkubwa wake ni kazi ndogo.

Kilichofuata ndicho kinachoniumiza zaidi. Daktari aliamua kulalamika kwa maandishi, na barua ya malalamiko ya idara huchapwa na sekretari wa idara. Niliichapa mimi. Kumbukumbu namba, tarehe, kisha kichwa cha habari kwa herufi kubwa na mstari chini yake: YAH: KUCHANGANYWA KWA MAJIBU YA MGONJWA. Nikaweka nukta na mikato mahali pake. Nikarekebisha hata sentensi moja ya daktari ili isomeke vizuri. Nikaipeleka isainiwe, nikaipiga mhuri, nikaituma.

Majibu ya barua hiyo yalirudi kwangu, kwa kuwa barua zote za idara hufunguliwa nami. Maabara waliambatisha nakala ya fomu yetu wenyewe, iliyotoka kwetu na kichupa: jina, umri miaka 58, namba sahihi, kila kitu sawasawa na walivyoandika kwenye majibu. Nyuma yake palikuwa na karatasi moja zaidi, maelezo ya mtaalamu aliyeshughulikia sampuli. Alikuwa ametakiwa ajieleze kwa maandishi. Aliandika kwa unyenyekevu, hatua kwa hatua, jinsi alivyopokea, alivyosajili na alivyohakiki. Mwandiko ulikuwa wa kijana. Mwishoni aliomba kwamba, endapo itaonekana amekosea, asamehewe kwa kuwa bado yuko kwenye majaribio ya kazi.

Niliitia barua ile kwenye droo. Nisingependa msomaji aone nilikuwa jasiri. Niliiacha humo, nikaendelea na kazi, na nilikuwa na nia ya kuiacha humo moja kwa moja. Kilichoniangusha ni swali la kupita tu. Daktari alipita mlangoni akauliza, "Wale wa maabara wamejibu?" Nikafungua mdomo kusema, "Bado, hayajarudi," na nikajisikia. Ni neno lile lile nililomwambia yule mama aliyekuja na viatu mkononi. Nikafungua droo, nikampa barua, nikamwambia yote, kuanzia umri hadi simu niliyompigia mume.

Sitarefusha habari ya adhabu. Nilipewa onyo la maandishi, nalo liko kwenye jalada langu. Idara iliiandikia maabara kuomba radhi. Barua hiyo nayo niliichapa mimi, safari hii jina langu likiwa ndani yake. Mama mwenye ugonjwa alikuwa ameshatafutwa tangu siku ile ya kliniki, maana namba ya faili ilikuwa kwenye karatasi muda wote. Ilihitaji mtu wa kuifuata. Alipelekwa Mbeya, kisha Ocean Road, akapata mionzi na dawa. Ninapoandika haya yu hai na anahudhuria kliniki. Kuwa kwake hai hakunifutii deni. Wiki alizokaa nyumbani akisubiri kitu kilichokwisha kufika zilikuwa wiki zake za matibabu, na mimi ndiye niliyezichukua.

Nilikwenda Katumba Songwe kuwaomba radhi, pamoja na muuguzi wa idara. Yule mzee wa kakao alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipomaliza alikaa kimya kidogo, akauliza tofauti ya bei kati ya kakao mbichi na kavu nitailipa lini. Sikutegemea swali hilo, lakini ndilo lililokuwa la haki kuliko yote niliyoulizwa. Nimemlipa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara mpaka ikaisha. Mkewe alisema pesa inalipika. Kisicholipika ni kwamba wako watu waliosikia kuwa anaumwa saratani na hawajasikia kwamba haumwi. Mpaka leo wapo wanaompa pole.

Mama wa pili nilimweleza jinsi mambo yalivyokuwa, pamoja na habari ya kuona aibu kumuuliza mwenzake majina na umri. Alinitazama akasema, "Mwanangu, sisi tungejibu tu." Basi. Heshima niliyodhani nawapa wala hawakuwa wameiomba.

Tangu hapo nimesoma habari za makosa ya namna hii kama mtu anayesoma habari za ukoo wake. Watanzania wa umri wangu tunakumbuka Novemba 2007, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili ambao wote waliitwa Emmanuel. Mmoja alikuwa na tatizo la kichwa, mwingine la goti. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Wa kichwa alifariki baadaye, na wa goti alipelekwa India kwa matibabu. Nchi nzima ilitikisika, na waziri wa afya wakati huo, Profesa David Mwakyusa, mtu wa kwetu Rungwe na mwenye jina ambalo kliniki za Kyela zinaliita kila siku, alikuwa na kazi ya kulieleza taifa. Februari 2018 yakatokea Nairobi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta: mgonjwa aliyekuwa na uvimbe tu alifunguliwa fuvu kwa kudhaniwa ni mwenzake mwenye damu iliyoganda kwenye ubongo, na madaktari wakagundua baada ya saa kadhaa kwamba damu wanayoitafuta haimo. Mkurugenzi wa hospitali akapelekwa likizo ya lazima.

Habari kama hizo zikitoka watu huuliza daktari alikuwa wapi. Mimi huuliza karatasi ilipitia kwa nani. Kisu ndicho cha mwisho. Kabla yake kuna fomu, lebo, kadi, orodha iliyochapwa, faili lililoitwa masijala. Kila moja ya hizo ni mahali ambapo mtu wa kawaida mwenye kalamu angeweza kuuliza. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2007, mwaka ule ule wa mkasa wa Muhimbili, likitaka mgonjwa atambuliwe kwa vitu visivyopungua viwili, kwa mfano jina na tarehe ya kuzaliwa, na namba ya chumba isihesabiwe. Sura inayofahamika haimo kwenye orodha hiyo. Kufahamiana hakumo.

Tangu 2022 tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Ile simu yangu kwa mume, kwa sheria ya leo, si suala la maadili ya kazi peke yake. Mifumo ya kompyuta nayo imeingia hospitalini, na mgonjwa ana namba moja inayoonekana kila dirisha. Inasaidia sana. Lakini kompyuta ukiiandikia jina la Anna Mwakyusa itakuletea orodha nzima, na anayechagua mstari upi ubonyezwe bado ni mtu, na mtu huyo bado anaweza kusema moyoni, huyu namfahamu.

Ninayofanya sasa si siri, na ningependa wenzangu wa mapokezi, masijala na ofisi za idara wayachukue. Siulizi tena, "Wewe ndiye Mama fulani?" Mama wa kwetu ukimuuliza hivyo ataitika hata kama siye, kwa adabu, au kwa kutosikia vizuri, au kwa sababu amechoka na foleni. Nauliza, "Mama, unaitwa nani, majina yako yote?" Akishasema nauliza alizaliwa lini, asiyekumbuka namwomba kitambulisho cha taifa, maana namba yake huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Wa ng'ambo ya mto wasio na kitambulisho hicho nawauliza kijiji, na jina la mtu waliyekuja naye. Ndipo nalinganisha na namba ya faili, mbele yake, kwa sauti ambayo ni yeye tu anayeisikia. Nikipata wawili wenye majina yanayofanana, mafaili yote mawili yanaandikwa kwa kalamu nyekundu: JINA LINAFANANA. Na umri usipolingana, siweki karatasi popote. Napiga simu maabara, si kwa mume wa mtu.

Ninaowafahamu ndio ninaowauliza kwa makini zaidi. Mama yangu mzazi alikuja kliniki mwaka jana, nikamuuliza majina yake matatu na tarehe yake ya kuzaliwa mbele ya watu. Benchi zima lilicheka. Alijibu.

Na wewe unayesoma haya, siku utakapofika dirishani hospitalini, ukiulizwa jina mara ya pili na ya tatu, usiudhike. Jibu kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Ukiambiwa majibu hayajarudi, omba rejesta ifunguliwe na jina lako litafutwe ukiwa umesimama hapo. Na ukiona aliye ndani anakufahamu sana hata haoni haja ya kukuuliza, litaje jina lako mwenyewe, lote, na namba yako ya faili, kabla hajagusa kalamu.